Mkate wa Kwenda Musanga

Alasiri ya Jumanne moja, mwezi wa tisa mwaka 1974, Damari alichanganya unga kwenye chungu kama alivyofanya kila Jumanne kwa miaka kumi na moja. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha unga wa mtama, chumvi ya vidole vitatu, kijiko cha machicha ya togwa iliyolala, na maji ya chemchemi kiasi cha kuufanya unga ulegee na kunata. Akakoroga kwa mwiko mpaka pasibaki unga mkavu chini, akafunika kwa sahani ya bati, akakisogeza chungu karibu na mafiga palipobaki joto. Basi. Hakukanda.

Mkate huo alifundishwa na muuguzi mzee wa misheni, mama mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi na hakuweza kukanda kitu. "Mkono una haraka, unga hauna," muuguzi alizoea kumwambia. "Uache mpaka kesho. Ukiugusagusa unauchelewesha." Misheni walikuwa na tanuri la matofali. Damari hakuwa nalo, wala hakulihitaji. Kila unga ulipokuwa tayari aliweka chungu kingine kitupu juu ya makaa mpaka kikawaka joto, akatumbukiza donge humo, akafunika kwa kipande cha debe, akamwaga makaa mengine juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu. Watu wa Musanga walikuwa wamezoea harufu ile kila Jumatano, na wenye watoto walijua wakati wa kupita.

Jumatano hiyo malori yalifika kabla unga haujawa tayari.

Habari za kuhamia vijiji zilikuwa zimekuja mara tatu, na mara tatu watu wa Musanga walijibu kwamba wamesikia. Safari hii hakuna aliyekuja kuuliza. Mgambo walibomoa paa za tembe kwa miti mirefu, nyumba baada ya nyumba, ili mtu asipate pa kulala akibaki. Vumbi la udongo wa paa lilipanda likatulia juu ya majani ya mtama. Damari alichukua jembe, ngozi ya kulalia, mavazi mawili, na chungu chenye unga. Mgongoni alimbeba mama mkwe wake, Leah, aliyekuwa mwepesi kama kuni za mwisho wa kiangazi. Nyuma ya zizi alimwacha mumewe, Zefania, aliyezikwa hapo miaka sita kabla.

"Kwenye chungu kuna nini?" mgambo mmoja aliuliza.

"Unga wa mkate."

"Mwaga. Nafasi ni ndogo."

"Haujawa tayari," Damari alijibu.

Mgambo aliufikiria mkate usio tayari, akaona kweli haumwagwi, akampisha.

Njiani unga uliumuka. Kila lori liliporuka kwenye shimo ulipanda kidogo, mpaka ukaiinua sahani. Walishushwa saa tisa mahali peupe karibu na barabara ya kwenda Ihanja, kila nyumba ikaonyeshwa vigingi vinne. Kijiji kilikuwa na jina tayari, limeandikwa kwenye ubao: Mwangaza. Ardhi yake ilikuwa nyeupe kwa chumvi, na maji ya kisima chake yalikausha ulimi badala ya kuulainisha. Damari aliokota kuni, akawasha moto kati ya vigingi vyake, akaoka ndani ya chungu kilekile, makaa juu ya sahani ya bati, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kula. Mkate ulipoiva aliupindua, akaugonga chini kwa kidole. Ulilia kama mlango wa nyumba yenye watu.

Aliukata vipande. Kimoja akampa Leah. Kingine akampa jirani wa vigingi vilivyofuata, Mzee Idi Mghenyi, ambaye huko Musanga pia alikuwa jirani yake.

Leah alitafuna polepole, maana meno yake yalikuwa matatu. Alipomeza tonge la kwanza hakuwepo tena. Ngozi aliyoikalia ilijinyanyua taratibu, kama ngozi inavyofanya ikiondolewa uzito. Mzee Idi akasema "Bismillahi," akamega, naye akaondoka. Damari aliviangalia vikao viwili vitupu, akafunika mkate uliobaki ili inzi wasitue juu yake, kisha akala kipande chake.

Alikuwa Musanga. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, jua likiwa lilelile la saa kumi. Kuku mmoja aliyekosa kukamatwa alikuwa juu ya ukuta. Chemchemi ilisikika, na Damari aligundua kwamba kwa miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kuisikia kutoka mlangoni, kwa sababu ya sauti za watu. Sasa ilisikika mpaka ndani ya kifua. Alisimama hapo na mikono yake ikaning'inia, kama mtu aliyeingia kanisani akiwa na jembe.

Leah alikuwa amekaa kwenye kaburi la Zefania, aking'oa magugu.

"Umechelewa," Leah alisema.

"Nilikuwa nafunika mkate."

Mzee Idi alitokea kwenye kifusi cha nyumba yake, anapangusa msahafu kwa kanzu. Walikaa hapo watatu, bila maneno mengi, mpaka mkate ulipopoa tumboni. Ndipo wakajikuta tena Mwangaza, kati ya vigingi, na miguu yao ina udongo mweusi.

"Mkate wako umepungua chumvi, jirani," alisema Mzee Idi. "Lakini Mungu akubariki."

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Baada ya wiki mbili hapakuwa na mtu wa Mwangaza asiyejua. Kipande cha unene wa vidole viwili, ukikila asubuhi, kilimweka mtu Musanga mpaka jua la utosini. Kipande chembamba kilitosha kwenda kutafuta kitu ulichosahau. Ulikwenda na ulichoshika, ulirudi na ulichoshika. Mkate wa kununua dukani haukumpeleka mtu popote. Na waliojaribu kuukanda unga wa Damari, kwa kudhani utakuwa na nguvu zaidi, walipata mkate mgumu tu. Ulipaswa kuachwa. Watu waliopita karibu na nyumba ya Damari unga ukiwa umelala chini ya sahani walishusha sauti, kama wanavyopita karibu na mgonjwa anayeanza kupata nafuu. Wanaume walivua kofia. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Unga wa ngano ulikuja kwa malori ya msaada, maana mwaka ule njaa ilikuwa kila mahali. Watu walimletea Damari sehemu ya mgao wao, naye aliwafundisha wanawake wengine: koroga, funika, ondoka. Mvua zilipoanza, kila nyumba ilikuwa na chungu pembeni na kipande cha debe cha kufunikia. Alfajiri watu walikula, wakashika majembe, wakaondoka kutoka mikekani mwao. Walilima mashamba yao ya zamani kwenye udongo wenye mbolea ya ng'ombe wa babu zao. Saa sita walikuwa Mwangaza, na alasiri walilima shamba la ujamaa kwenye chumvi, kwa sababu ndivyo ilivyoagizwa, na hapo hakikuota kitu.

Wale waliojaribu kurudi Musanga kwa miguu walikamatwa njiani na kurejeshwa. Siku moja mgambo wa doria alimkuta Mzee Idi huko Musanga akipalilia uwele. Akatoa daftari, akamwuliza jina lake na jinsi alivyofika.

"Nimekula mkate," alisema Mzee Idi.

Mgambo aliandika: amekula mkate. Alipoinua macho jua lilikuwa utosini, na mbele yake palikuwa na uwele mtupu, umepaliliwa vizuri. Alifunga daftari akaenda zake.

Mwezi wa pili Damari, ambaye alijua kuandika kwa kufundishwa misheni, aliandika barua. Mzee Idi alitoa maneno, Leah akakataa mengine. Waliomba warudishwe Musanga. Walitaja maji yanayokausha ulimi, chumvi ya ardhi, makaburi yao, na umbali wa malisho. Waliandika kwamba hawapingi kukaa pamoja, kwa kuwa Musanga pia walikaa pamoja. Barua ilipaswa kupita kwa katibu wa kijiji, Ndugu Melkizedeki, kijana mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa, mzaliwa wa kitongoji kimoja upande wa Iguguno. Aliisoma akiwa amesimama. Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda."

Alikaa. "Nimesikia habari za mkate. Nasikia mtu akiula huenda Musanga."

"Aliyehamishwa huenda alikotoka."

"Mimi sijahamishwa," Melkizedeki alisema. "Nimetumwa tu."

"Basi utakula mkate tu, Ndugu Katibu. Hauna ubaya."

Alikata kipande, akampa. Melkizedeki alikula kwa adabu, mkono wa kushoto ukiwa chini ya kidevu kukinga makombo. Kigoda kikabaki peke yake. Damari alikitazama kwa muda, kisha akaendelea kuchagua mawe kwenye mtama.

Jua lilipofika utosini Melkizedeki alirudi kigodani. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu, vumbi la kwao Iguguno, na mkononi alishika kibuyu cha maziwa chenye ufa. Damari alimpa maji, akayanywa yote bila kulalamikia ladha.

"Nyumba haina paa," alisema hatimaye. "Mama hayupo. Kuna alama za tairi mpaka kwenye bustani yake ya vitunguu."

"Hawakukuandikia?"

"Waliandika. Ilikuja taarifa kwamba kule upande wetu kazi imekwenda vizuri. Mimi ndiye niliyeisoma mkutanoni." Alikigeuza kibuyu mkononi. "Tulipiga makofi, mama. Nami nilipiga."

Damari alimfungia kipande kingine kwenye jani la mgomba la Musanga. Alipoinuka, Melkizedeki alisema barua ataipeleka wilayani kwa mkono wake mwenyewe, na aliipeleka.

Mwezi wa tano mtama wa Musanga ulikomaa. Kila saa sita watu walitokea Mwangaza wakiwa na matita kichwani, mtama, uwele, viazi vitamu, asali kwenye mizinga ambayo nyuki wake walikuwa bado wanauliza wamefika wapi. Ghala la kijiji lilijaa mpaka mlango ukafungwa kwa kamba.

Siku hizo Leah alimwita Damari. Alikuwa halali vizuri tena, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Safari hii mkate wangu usiukate," alisema.

"Mama, mkate mzima ni siku nyingi."

"Najua kuhesabu siku."

Damari alimwangalia, naye Leah akamwangalia, na jambo likawa limesemwa. Damari alichukua chungu kikubwa kuliko vyote. Alichanganya unga wa nyumba nne, akauacha siku mbili badala ya moja, na siku hizo mbili hakuna aliyekohoa karibu na nyumba yao. Unga ulipanda mpaka ukavuka mdomo wa chungu ukasimama hapo, haumwagiki, umevimba na kumeremeta kama mwezi mpevu. Wanawake walikuja kuutazama. Walisimama mlangoni wakirudi nyuma mmoja mmoja, kama wanaotoka mbele ya mkubwa. Mzee Idi alikuja, akatazama, akanong'ona sala, akaondoka bila kugeuka.

Mkate ulipoiva haukuingia kwenye ungo. Leah aliukumbatia ukiwa bado una joto, akajifunga shuka, akamega pembe moja.

"Moto usiuache ukazimika," alimwambia Damari, kwa kuwa hilo ndilo alilomwambia kila alipotoka nyumbani kwa miaka thelathini. Akameza. Shuka lake liliacha upepo mdogo.

Damari alimtembelea kila asubuhi kwa kipande chembamba. Siku ya kwanza alimkuta akifagia nyumba isiyo na paa. Siku ya pili alimkuta kwenye chemchemi, miguu iliyovimba ikiwa majini, akizungumza na mtu ambaye Damari hakumwona na hakuuliza. Siku ya tatu Leah alimwomba amsuke nywele. Siku ya tano alimkuta amelala ubavu kando ya kaburi la Zefania, mkono chini ya shavu, na pembe ya mwisho ya mkate iko kiganjani. Ilikuwa bado laini. Kuku wa ukutani alikuwa amesimama karibu wala hakuidonoa.

Watu tisa walikula mkate siku iliyofuata. Kila mmoja alichukua na kipande cha akiba mfukoni, wakakila kando ya kaburi kabla jua halijafika utosini, ili kazi isikatike katikati. Mzee Idi alichimba licha ya umri wake, wala hakukubali kupokewa jembe. Hakuna aliyeimba. Damari alitaka kuimba, lakini chemchemi ilikuwa ikisikika kwa namna ambayo wote waliinamisha vichwa, na wimbo ukaonekana si wa lazima. Walimfukia Leah karibu na mwanawe, kwenye udongo mweusi uliokuwa na joto, nao wakarudi Mwangaza na kucha zimejaa udongo huo. Damari hakuosha mikono mpaka jioni.

Kwa kuwa hakuna maiti iliyoonekana Mwangaza, jina la Leah halikufutwa kwenye orodha ya kijiji. Kwa hiyo mwaka ule, katika karatasi, Mwangaza haikupoteza mtu hata mmoja. Melkizedeki alilijua hilo. Alikaa na orodha ile mbele yake siku nzima, kalamu mkononi, na mwisho akaituma kama ilivyokuwa.

Mwezi wa saba ulikuja ujumbe wa kukagua vijiji. Walikuwa wageni sita, na magari mawili, na mpiga picha. Walifungua ghala, mtama ukawamwagikia miguuni, wakacheka kwa furaha. Walipiga picha chini ya ubao wenye jina la kijiji. Damari aliagizwa awaandalie chai na mkate, akaandaa. Wageni wote sita walikula, wakaomba tena, na hakuna hata mmoja aliyeondoka kitini pake.

"Mkate laini namna hii, mama, unaukanda kwa muda gani?" aliuliza kiongozi wao, mtu mnene mwenye sauti nzuri.

"Siukandi."

"Hata kidogo?"

"Unaachwa mahali pake, mzee. Ukiachwa mahali pake unajiweza."

Kiongozi alisema hilo ni somo kubwa, akamwagiza karani wake aliandike. Ndipo Damari aliposimama vizuri, akafuta mikono kwenye khanga. Mzee Idi naye akainuka nyuma yake, na watu waliokuwa kwenye kivuli cha ghala wakanyamaza.

"Ndugu wageni," Damari alisema, "mazao haya hayakuota hapa. Hapa haioti hata mbigili. Yametoka Musanga. Tunakwenda kulima asubuhi, tunarudi saa sita. Mama yangu tumemzika huko mwezi wa tano. Tunaomba turudi, tukae huko mchana na usiku."

Kiongozi alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza kwaya. Kisha akainuka akamshika Damari mkono kwa mikono miwili.

"Mama amesema vizuri sana," aliwaambia wenzake. "Nguvu za Musanga zimehamia hapa. Hiyo ndiyo maana ya kuhama."

Wageni walipiga makofi. Melkizedeki alikuwa amesimama nyuma ya viti. Safari hii hakupiga, lakini pia hakusema kitu, na mpiga picha alipoomba katibu asogee katikati, akasogea.

Jibu la barua lilifika baada ya majuma matatu. Melkizedeki alilisoma hadharani, kwa sauti ya chini, akirudia mistari ambayo watu hawakuisikia. Ombi la wananchi wa Mwangaza limepokelewa na kufikiriwa. Kwa kuwa ukaguzi umethibitisha kwamba ardhi ya Mwangaza ina rutuba kuliko vijiji vyote vya jirani, na kwa kuwa afya za wananchi ni nzuri, na hapakuwa na kifo mwaka mzima, hakuna sababu ya mtu kurudi alikotoka. Aidha, kutokana na sifa hizo, kijiji kitapokea kaya nyingine arobaini.

Watu walisikiliza mpaka mwisho. Mzee Idi aliuliza kama kuna ukurasa wa nyuma. Melkizedeki akaigeuza karatasi, akawaonyesha kwamba hakuna. Wakatawanyika. Jioni hiyo nyumba zote zilichanganya unga, zikafunika, kila moja pembeni mwa ukuta wake, na kijiji kizima kikazungumza kwa sauti ya chini.

Kaya arobaini zilianza kuwasili Alhamisi asubuhi. Melkizedeki alikuwa amepiga vigingi vipya mpaka kwenye ukingo wa barabara. Mwanamke wa kwanza kushuka aliitwa Magdalena. Alikuwa na mtoto wa miezi michache mgongoni, sufuria moja, na uso wenye vumbi la paa ambalo Damari alilitambua. Damari alimpokea sufuria, akampeleka kivulini, akamkalisha kwenye ngozi.

"Poleni na safari. Wamewachukua asubuhi?"

"Jua likichomoza. Uji ulikuwa bado jikoni." Magdalena alizungumza bila kuinua macho. "Huku kuna maji?"

"Yapo. Utayazoea." Damari alifunua mkate. Ulikuwa umetoka kwenye makaa muda si mrefu, na mvuke wake ulisimama wima bila kutikisika, ingawa upepo ulikuwa unavuma. Magdalena aliutazama mvuke huo, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke, mabega yake yakashuka.

Damari alikata kipande cha unene wa vidole viwili. Kabla ya kumpa alinyoosha mikono.

"Nipe mtoto kwanza, mwanangu. Yeye hawezi kutafuna. Utarudi jua likiwa hapa," akaonyesha utosi wake.

Magdalena hakuuliza. Alimfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi, akaupokea mkate kwa mikono miwili, akamega. Ngozi ilijinyanyua taratibu. Mtoto aligeuza shingo akaitazama, hakulia. Damari akamweka begani, akaanza kumpigapiga mgongo. Barabarani, lori lilikuwa limeshageuza, linarudi kuchukua wengine.